Bima ya afya kwa wote ianzie dirisha la dawa

Ukitoka Mbeya mjini kwenda Tukuyu, ukakata pale Katumba kuelekea Lwangwa, kitu kimoja huwezi kukibisha: Serikali imejenga. Tulipokatwa tozo za miamala ya simu mwaka 2021 tulilalamika nchi nzima, mimi nikiwa mmojawapo, lakini sehemu ya fedha zile iliingia kwenye vituo vya afya na mwenye macho ameviona. Sina ugomvi na majengo.

Ugomvi wangu uko kwenye dirisha la dawa.

Mama yangu mdogo ana presha, na ana kadi ya CHF, yaani Mfuko wa Afya ya Jamii. Hivi karibuni nilimsindikiza kituoni. Kadi ilikubaliwa, daktari alimsikiliza vizuri, presha ikapimwa, hakuna aliyetuomba hata shilingi. Tukaenda dirishani. Dada wa dawa akasoma cheti, akageuka nyuma kwenye shelfu, akarudi na paketi moja ya panadol. "Mama, hizi mbili za presha hatuna. Kanunue nje." Mama mdogo hakubisha. Alifungua fundo la kanga, akahesabu pesa zake pale pale, tukavuka barabara. Duka la dawa lililo mkabala na geti lilikuwa nazo zote mbili. Akanunua za siku kumi, maana ndizo pesa zilizokuwepo. Dawa ya presha ni ya kila siku.

Sasa piga hesabu kama anavyopiga yeye. CHF iliyoboreshwa ilipangwa kuwa Sh 30,000 kwa kaya ya watu hadi sita, kwa mwaka mzima, kuanzia zahanati mpaka hospitali ya rufaa ya mkoa. Kwa karatasi ni bei ya bure kabisa. Lakini kwa mtu anayemwona daktari bure kisha akanunua dawa kwa bei ya duka, ile elfu thelathini imeingia wapi? Mwaka ukiisha hahuishi kadi. Wanaobaki ni wale wanaougua mara kwa mara, mfuko unapungua, kituo kinakosa cha kuagizia dawa, dirisha linazidi kuwa tupu. Halafu kwenye mkutano wa kijiji tunaambiwa wananchi hawana elimu ya bima. Wanayo, tena waliipata pale dirishani.

Nayasema haya kwa sababu Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote Novemba 2023, na lengo lake naliunga mkono kwa mikono miwili. Tangu utaratibu wa wananchi kuchangia gharama za matibabu ulipoanza mwaka 1993, familia nyingi huku kwetu zimeuza ng'ombe au shamba la migomba kwa sababu ya mgonjwa mmoja. Tunaihitaji bima. Ila huwezi kumlazimisha mtu kulipia ahadi ambayo ameshaiona ikivunjwa.

Na msiniambie watu wa Nyanda za Juu Kusini hawapendi kulipia matibabu. Nendeni Ikonda, kule juu Makete. Hospitali ya misheni, baridi ya kukata mifupa, na wagonjwa wanatoka mbali, wengine mpaka Dar es Salaam, wakizipita hospitali za Serikali njiani. Wanalipa. Ukiwauliza, watakwambia huko unapimwa na unaondoka na dawa zako.

Serikali ikiamua inaweza, hilo nalo tuliseme. Mfumo wa m-mama, ule wa kupiga 115 bure mjamzito akizidiwa, ulifikiriwa mpaka mwisho: simu inapokelewa, gari la wagonjwa likikosekana anatafutwa dereva wa jirani aliyesajiliwa, naye analipwa. Aliyeubuni hakuishia kununua magari. Alijiuliza mama wa bondeni atatokaje usiku wa mvua. Dawa nazo zinahitaji kufikiriwa namna hiyo. Bohari ya Dawa ya Serikali ikikosa kitu, kituo kinatakiwa kununua kwa mshitiri, yaani muuzaji binafsi aliyeteuliwa kuviuzia vituo dawa. Kwa nini basi duka la mtu binafsi mkabala na geti liwe na dawa ya presha ya kawaida, na kituo chenye akaunti yake benki kisiwe nayo?

Dada wa dirishani tusimtukane. Yeye ndiye anayepokea hasira zetu kutwa nzima kwa oda ambayo hakuikata yeye.

Ninachotaka mimi ni vitu viwili. Cha kwanza, kamati ya kituo, ile yenye wawakilishi wa wananchi, ibandike pembeni ya dirisha orodha ya dawa zilizoingia, kiasi gani, na zilizoagizwa zikakosekana. Kwa lugha ya kawaida, maandishi makubwa. Cha pili, mchango wa bima ukusanywe watu wakiwa na hela. Mkulima wa mpunga wa Mbarali umfuate kuanzia Mei anapovuna, sio Januari ambapo kuna sare, michango ya shule na deni la mbolea. Wa chai, ambaye analipwa kwa majani anayopeleka, akatwe kidogo kidogo kupitia chama chake cha ushirika kama anavyokatwa pembejeo. Ila orodha ile ya dirishani itangulie, hata kwa miezi michache, ndipo waandikishaji waanze kupita kijijini kukusanya mchango.