Miaka 4 kwenye gome moja si muda uliopotea
Kuna mwandishi anayedai kwamba mtafiti aliyetumia miaka 4 ya masomo yake ya udaktari wa falsafa (PhD) kuchambua kemikali za gome la mti mmoja alipoteza muda. Napinga kabisa. Nilikuwa msaidizi wa maabara hapa Kampala, tukishughulika na Warburgia ugandensis, mti ambao gome lake huwasha ulimi kama pilipili. Tulilianika kivulini, tukalisaga, tukaliloweka kwenye methanoli, aina ya alkoholi inayoyeyusha kemikali za gome, kisha tukaupitisha mchujo kwenye bomba la kioo lililojaa silika, unga unaotenganisha kemikali hizo, tone kwa tone, tukibadilisha vichupa mchana kutwa. Kilo nzima ya unga, na mwishowe unabaki na chembe za kemikali moja zisizofunika hata ukucha! Hapo bado hujui umbo la molekuli yake. Sampuli zikapelekwa ng'ambo kupimwa, nasi tukasubiri miezi. Tena joto likizidi, kemikali huweza kuharibika na kazi yote ikaenda na maji. Tu Youyou, mwanasayansi wa China aliyepata Tuzo ya Nobeli mwaka 2015 kwa artemisinini, dawa ya malaria itokanayo na mmea, alifanikiwa alipoacha kuchemsha mmea kwa maji, akatumia etha, kimiminika kinachochemka kwenye nyuzi 35 hivi, na leo watoto wetu wanatibiwa malaria kwa dawa zitokanazo na kazi hiyo. Wenzangu mliopitia maabara, sampuli zenu zilikaa ng'ambo muda gani?