Usimlaani kiziwi: vile kumcha Mungu kunaingia mpaka jikoni

Mama yangu masikio yake yamepungua sana, sikio la kushoto halifanyi kazi kabisa na la kulia mpaka uinamie karibu. Anaishi nyumbani upande wa Chavakali, mimi na familia tuko Nakuru, kwa hivyo tukienda ni likizo ama kuna harusi ama kuna matanga. Disemba iliyopita tulikuwa tumekaa jikoni kwake jioni, yeye anachambua mrenda kwa uteo, mimi nimechoka na safari, na akaniuliza watoto wanarudi shule lini. Nikamwambia. Baada ya kama dakika tano akauliza tena, nikamwambia tena kwa sauti kubwa. Mara ya tatu sikujibu, nikaangalia simu na nikasema chini chini, "Aki huyu mzee anachosha."

Hakuskia. Aliona tu mdomo wangu umesonga akadhani nimeomba kitu, akanisukumia sahani ya njugu karanga huku anatabasamu. Lakini msichana wetu wa miaka nane alikuwa amekaa kwa kigoda hapo nyuma, akaniangalia, akasema, "Baba, kwani shosho haskii?"

Sikulala vizuri usiku huo. Nilikuwa naujua mstari wa Walawi 19:14 tangu Sunday school, ule wa usimlaani kiziwi wala usitie kwazo mbele ya kipofu, na siku zote nilikuwa nauona kama sheria ya kulinda walemavu, ni nzuri lakini hainihusu. Sasa angalia venye unaisha: "bali umche Mungu wako, mimi ndimi BWANA." Kwa nini Mungu ajitaje hapo? Kwa sababu kiziwi hawezi kukushtaki. Ukimtukana hajui, kipofu naye akijikwaa hajui ni nani aliweka jiwe, hakuna shahidi, hakuna kesi ya kupeleka kwa chifu, basi anayebaki kati yako na huyo mtu ni Mungu peke yake. Sura hiyo hiyo, mistari minne mbele, ndio ile amri ya kumpenda jirani yako kama nafsi yako, ambayo Yesu mwenyewe aliiita ya pili kwa ukubwa, na ukiendelea mpaka mstari wa 32 unaambiwa uheshimu uso wa mtu mzee, alafu tena, nawe umche Mungu wako. Haya mambo yamekaa pamoja, hata sisi tukiyahubiri kwa Jumapili tofauti.

Ndio naamini kabisa kwamba mapenzi bila kicho, yaani bila kumcha Mungu, yanafika tu pale mwenzako anaona. Mume anaongea na mke wake vizuri mezani, akitoka kwa stage na marafiki anamchambua kama samaki. Mke anamheshimu mumewe mbele ya wageni, alafu kwa meseji na dada zake anamtoa nguo yote. Pesa ya chama, pesa ya karo imetumwa kwa M-Pesa ya mmoja na mwingine hajui balansi, hapo wote ni viziwi kwa namna fulani, kila mtu kwa nyumba kuna kitu hawezi kuskia. Yusufu alipovutwa na mke wa Potifa walikuwa peke yao ndani ya nyumba, na swali alilokuwa ameshamuuliza mbeleni ni atafanyaje ubaya mkubwa hivyo amkose Mungu. Bwana yake alilindwa na hofu hiyo hata bila kujua kuna hatari.

Najua kuna watu neno hofu limewaumiza, na hapa nataka niseme wazi kwa sababu huku kwetu nimeskia hii maneno ikipindwa vibaya kwa harusi nyingi. Mhubiri anafungua Waefeso 5, anaanzia 22, wake watiini waume zenu, bibi harusi anainamisha kichwa na watu wanapiga makofi. Mstari wa 21 unarukwa, na ndio unasema "hali mnanyenyekeana katika kicho cha Kristo", wote wawili. Kwa Kigiriki cha nakala za zamani sana mstari wa 22 hauna hata kitenzi chake, unaazima cha 21, kwa hivyo ukiukata hapo umekata shingo. Na neno hilo ambalo Biblia yetu imeliita kicho ni lile lile Yohana analitumia akisema katika pendo hamna hofu. Watafsiri wetu wakatupa maneno mawili, na nashukuru, kwa sababu mke anayetetemeka akiskia pikipiki ya bwanake ikiingia boma yuko na hofu, na kicho hakipo hapo hata kidogo. Mwanaume anayemcha Mungu ndiye anafaa kuwa wa kwanza kujiangalia, maana Petro alisema ukimkosea heshima mke wako maombi yako yanazuiliwa. Yaani unaomba na haiendi popote. Mimi hiyo inanitisha kuliko bili yoyote.

Wazee wetu wa Friends, yaani Quaker, pale Vihiga, ambao kanisa lao hapa Kenya lilianzia Kaimosi 1902, wanajua kukaa kimya mbele za Mungu, na nimejiuliza kama ndio maana mama, hata sasa haskii wimbo wala mahubiri, bado anavaa kitambaa chake kila Jumapili na kwenda.

Asubuhi ya pili nilimwambia mtoto nilikosea. Akasema basi mwambie shosho. Nikamjibu shosho hakuskia, akasema, "Mwambie kwa nguvu." Kwa hivyo nikapiga magoti kando ya kiti, nikainamia lile sikio la kulia nikasema mama nisamehe, jana niliongea vibaya. Nafikiri alidhani ninaaga kurudi Nakuru. Aliweka mkono wa udongo juu ya kichwa changu, ametoka tu kupalilia sukuma, akaanza kuomba kwa Kimaragoli, akataja jina la kila mtoto, la mke wangu, barabara, matatu na dereva, na sikuinuka mpaka akamaliza.