Kwenye Nile, uliza dirisha kabla ya bwawa

Kila anayeniuliza apande meli gani ya kitalii kati ya Luxor na Aswan, huko Misri, huanza na bwawa la kuogelea. Kubwa? Lina maji moto? Kisha waifai, kisha chakula. Mimi humrudishia swali: meli ikishafunga gati, dirisha lako litatazama nini?

Somo hilo nililipia. Safari ya kwanza nilichukua meli ya nyota tano, sitaha nne, chumba chenye kioo kuanzia sakafuni hadi darini. Asubuhi pale Luxor nikavuta pazia nione mto, nikakutana macho kwa macho na mzee wa watu anapiga mswaki. Meli za huko hufungwa ubavu kwa ubavu, nne, hata tano, na wa meli ya nje akitaka kushuka hukatiza kumbi za mapokezi za meli zote zilizo kati yake na gati. Jenereta ya jirani ilinguruma usiku kucha. Kioo nilichokiongezea pesa kikashinda kimefunikwa. Na lile bwawa? Watu sita wakiingia, wa saba anasubiri.

Meli kubwa ina raha yake, sikatai. Pale Esna, mji ulio njiani, zikingoja zamu ya kuingia kwenye lango la maji linalozipandisha na kuzishusha, wachuuzi huzizunguka kwa vimashua na kurusha kanzu na vitambaa vilivyofungwa kwenye mifuko ya plastiki mpaka sitaha ya juu kabisa. Mnapatana bei kwa kupiga kelele, ghorofa tatu juu ya maji. Nina kitambaa cha meza ambacho sikukihitaji. Pesa niliirusha ndani ya mfuko uleule.

Mara ya pili nikapanda dahabia, chombo kidogo cha matanga, jina lenye asili moja na dhahabu yetu. Vyumba vinane, milingoti miwili, matanga ya pembetatu ambayo mtu wa jahazi hahitaji kuelezwa. Bwawa hakuna, televisheni hakuna. Nyingi hupakia watu Esna, kwa hiyo foleni ya lango huioni. Nile inatiririka kwenda kaskazini, na upepo unatoka kaskazini, tena hauna msimu kama kaskazi yetu, huvuma karibu mwaka mzima. Ndiyo maana Wamisri wa kale walipoandika kwenda kusini walichora chombo kilichotweka tanga, na kwenda kaskazini chombo kisicho na tanga.

Nahodha alifunga chombo Gebel el-Silsila, kwenye machimbo yaliyotoa mawe mengi ya mahekalu ya kale ya Karnak, kule Luxor. Meli kubwa zilipita bila kusimama, muziki juu. Asubuhi dirishani kwangu alikuwapo punda mmoja, amesimama majini hadi magotini, anakunywa taratibu.

Dahabia kwa kawaida ni ghali zaidi kwa usiku, na upepo ukikata unakokotwa na boti ya injini, kelele palepale. Mwenye watoto wanaotaka kurukaruka majini achukue kubwa, ila akwepe vyumba vya sitaha ya chini, ambako dirisha karibu linalingana na maji, na vya nyuma karibu na injini.

Mama nikijaliwa kumpeleka, atapanda kubwa. Magoti yake hayawezi ule ubao mwembamba wa kushukia kwenye dahabia, na zipo meli zenye lifti. Chumba nitamtafutia juu, mbele. Bwawa sitaliulizia.