Umegongwa wewe, na pointi unakatwa wewe

Wiki iliyopita usiku nilikuwa uwanja wa Lime Rock na kile kigari cha Mazda MX-5, mashindano ya leseni ya chini kabisa pale iRacing, lile gemu la mbio za magari mtandaoni, yale ambayo watu wote wanaendesha kama wameacha jiko linawaka nyumbani. Usukani wangu nimeufunga kwenye meza ya chakula, pedali nimeziegemeza ukutani na kipande cha tofali maana vigae vinateleza, feni inanipuliza. Naanza nafasi ya sita. Tumeachiwa, tunashuka mnyooko kuelekea Big Bend, kona ya kwanza ile ndefu ya kulia, nakanyaga breki, na kabla sijakata kona nasikia PUU nyuma, gari inazunguka inatazama ilikotoka, watu wananipita kulia na kushoto. Kwenye skrini: 4x. Nikaja kuangalia jamaa aliyenigonga kapata ngapi, naye 4x. Yaani sawa kwa sawa, mgongaji na mgongwaji!

Kwa wasiojua huu utaratibu, iRacing tangu ifungue milango 2008 haijishughulishi kabisa na swali la nani kakosea. Ukitoka nje ya barabara unaandikiwa 1, ukipoteza gari au ukigonga ukuta 2, ukigongana na mwenzako kwa nguvu 4, na hiyo 4 mnapewa wote wawili. Hizo pointi zinalinganishwa na idadi ya kona ulizopita, ukipita kona nyingi bila tukio basi alama yako ya usalama, wenyewe tunaiita SR, inapanda, inaanzia 0.00 inaishia 4.99, na ndiyo inayoamua upande leseni kutoka Rookie kwenda D, C, B mpaka A au ubaki hapo hapo na vumbi lako. Na mbio nyingi ukifikisha pointi 17 unatolewa nje. Piga hesabu, kugongwa mara nne na kukanyaga majani mara moja, kwisha habari.

Sasa ubishi wa huu mfumo hauishi, na mimi mwenyewe usiku ule nilikuwa upande wa wenye hasira. Hata hapa Dar ukigongwa kwa nyuma pale Ubungo, trafiki anakuja, anapima, anachora ramani yake, anawasikiliza wote hata kama mnapigiana kelele, na mwisho wa siku mmoja wenu ndiye mwenye kosa. Wote wawili kuandikiwa kosa moja? Nani angekubali? Ukiangalia hivyo tu, hoja ya wanaolalamika huna hata pa kuipinga.

Ila nilifanya kitu ambacho ukiwa na hasira hupendi kufanya, nikafungua marudio ya video ya mbio zile. Kwanza nikaangalia nikiwa ndani ya gari langu, nikaona haki yangu iko wazi kabisa. Halafu nikahamia kwenye gari la jamaa. Aisee. Kutokea kwake unachokiona ni matako ya gari langu tu, mbele yangu haoni kitu. Wale watano wa mbele walikuwa wamebana breki mapema maana ni mzunguko wa kwanza, kundi likija pamoja linajikunja, kila wa nyuma inabidi abane mapema zaidi ya yule wa mbele yake. Mimi sikufanya hivyo, nilisubiri kile kibao changu cha siku zote cha kuanzia breki, halafu nikashtuka nikabana kwa nguvu. Na kibaya zaidi, wakati nimeshakanyaga breki nilisogea kulia kama nusu gari hivi kumzibia njia asije akachomekea ndani. Sikukumbuka kabisa kwamba nilisogea! Ningeapa mbele ya wazee kwamba nilinyoosha.

Je kosa la nani? Mimi ningesema lake sabini, langu thelathini, maana wa nyuma ndiye anayetakiwa kuacha nafasi ya kusimama. Wewe ukiangalia unaweza kusema nusu kwa nusu. Hapo ndipo inapokuja hoja ya upande wa pili, kwamba kompyuta haiwezi kugawa hiyo sabini na thelathini. Formula 1 yenyewe ina kamera kila kona, data ya kila gari, wasimamizi wenye uzoefu wamekaa chumbani kazi yao ni hiyo tu, na bado uamuzi unaweza kuchukua dakika nyingi na watu wanagombana nao wiki nzima. Gran Turismo Sport ilipotoka 2017 ilijaribu njia ya kumtafuta mkosaji, gemu lenyewe linaangalia mgongano na kumwongezea mtu sekunde, na malalamiko yalikuwa hayo hayo, aliyegongwa ndiye kabebeshwa adhabu. Tofauti ni kwamba ukiandikiwa 4 pale iRacing hakuna aliyekuita mkosaji, ila kompyuta inayokuhukumu ikikosea inauma zaidi.

Halafu kuna suala la wingi. Mbio moja haina haki, hilo nakubali. Ila mbio mia? Mtu ambaye Jumatatu kagongwa sio kosa lake, Jumanne sio kosa lake, Jumatano tena kaonewa, Alhamisi pia dunia imemchukia, mkuu, hebu angalia mahali unapoweka gari lako. Wanaokaa juu na SR safi wanagongwa kama sisi tu, ila wameshajifunza kunusa ajali kabla haijatokea, akiona jamaa wa nyuma anayumba yumba breki anampisha apite akajitupe majanini peke yake. Kwa maana hiyo ile 4 inafanya kazi ya woga. Kwenye gari la kweli woga upo tayari, kuna shingo yako na kuna bili ya fundi, huku mtandaoni hakuna maumivu na bodi mpya inakuja bure. Tumeona inavyokuwa woga ukiondoka, dereva Ross Chastain pale Martinsville 30 Oktoba 2022, mzunguko wa mwisho kabisa wa mbio za NASCAR, zile za magari za Marekani, aliegemeza gari ukutani akakanyaga mafuta mpaka mwisho akatoka nafasi ya kumi mpaka ya tano, na mwenyewe akasema aliufahamu huo mchezo tangu anacheza gemu la NASCAR utotoni kwenye GameCube. NASCAR wakaupiga marufuku msimu uliofuata.

Lakini ngoja, sijahamia upande huo moja kwa moja. Kuna mambo mawili hapa yananisumbua.

La kwanza ni makusudi. Mei 2020, wakati wa korona mbio zote za kweli zimesimama, madereva wa IndyCar, mbio nyingine za Marekani, walikuwa wanakimbia kwenye iRacing na zinaonyeshwa kwenye televisheni. Mbio za mwisho Indianapolis, Lando Norris wa Formula 1 yuko vizuri kabisa kushinda, mizunguko michache imebaki, Simon Pagenaud wa IndyCar akapunguza mwendo mbele yake na Norris akamvaa nyuma, kwishaaa. Pagenaud alijitetea kwamba alitaka kumpunguza kasi tu, hakutaka kumwangusha. Haya, iwe hivyo. Ila kwa hesabu ya pointi tukio la namna hiyo ni 4 na 4, sawasawa kabisa na mimi na jamaa yangu pale Big Bend tuliogongana kwa ubishi na kutoona. Huo usawa mimi unanishinda. Ndiyo, kuna njia ya kulalamika, unakata kipande cha marudio unatuma, binadamu wanaangalia na wanaweza kumfungia mtu. Ila ni wangapi wanatuma? Wengi tunatukana kwenye maikrofoni, tunazima, tunaenda kulala, na yule mhuni kesho yupo tena kwenye gridi.

La pili ndilo naona linaongelewa kidogo kuliko linavyostahili. Ukiwaambia watu pointi ndizo zinakupandisha leseni na haijalishi nani kakosea, wapo watakaotafuta njia ya kutokutana na mtu yeyote. Wanaanzia pit, kule pembeni magari yanakohudumiwa, wanasubiri kundi zima lipite, halafu wanaendesha peke yao huko nyuma kama wanapeleka bibi harusi, dakika kumi na tano sifuri tukio, SR inapanda vizuri. Baada ya wiki kadhaa huyo ana leseni ya C. Anakutana na magari ya kasi zaidi, watu wamebanana bega kwa bega, na yeye maishani mwake hajawahi kuingia kona sambamba na mtu! Hajui kumwachia mwenzake upana wa gari moja pembeni. Anaona kimulimuli cha bluu, kile cha kuonya kwamba gari la kasi zaidi linakuja nyuma, anapaniki anahama mstari ghafla, wakati kwenye iRacing ile bluu ni taarifa tu, wewe unatakiwa ushike mstari wako na yule mwenye kasi ndiye atafute pa kupita salama. Kwa hiyo mfumo umempa cheti cha usalama mtu aliyejifunza kukimbia peke yake.

Na sisi wa huku tuna la kwetu zaidi. Mimi nikiunga na seva za Ulaya, ping yangu, yaani muda wa data kwenda na kurudi, ikiwa nzuri sana inacheza milisekunde 150. Kwa mwendo wa kilomita 200 kwa saa gari linakata kama mita 55 kila sekunde, kwa hiyo kwenye hizo 150 limeshakwenda mita 8 hivi, karibu magari mawili. Gemu linakisia gari la mwenzako liko wapi, na mara nyingi linakisia vizuri, ila mkiwa mmebanana unaweza kuandikiwa 4 na mtu ambaye kwa macho yako hamjagusana hata rangi. Hapo sasa nani mkosaji? Waya uliopita chini ya bahari? Ukiniuliza, hiyo ndiyo sababu kubwa kwangu ya kutotaka kompyuta iamue kosa, maana wenye ping mbaya tungekuwa wakosaji wa kudumu.

Kwa hiyo mimi 4 kwa 4 naiacha ilivyo, ila kwa masharti. Leseni isipande kwa kukimbia peke yako, zihesabiwe pia kona ulizopita ukiwa na mtu karibu, hiyo kompyuta inaweza kuipima bila kumhukumu yeyote. Na kutuma malalamiko kuwe kubofya mara moja tu pale pale mbio zinapoisha, hasira ikiwa bado ina kazi. Makusudi yaachiwe binadamu, hata wakichelewa siku tatu.

Juzi Alhamisi nikarudi Lime Rock, nafasi ya sita tena, sijui ni mkosi. Safari hii nilibana breki mapema mno mpaka nikajiona mjinga, nikashika mstari wangu, nikaacha mlango wa ndani wazi kabisa. Jamaa mmoja akachomekea, akapitiliza, akaenda kuchuma majani peke yake. Mwingine mmoja akanipita kihalali. Nimemaliza wa saba, 0x, na kusema ukweli ile nafasi bado inaniuma.