Nani kala ishirini?

Kabla hamjaendelea kusambaza ile voisi ya mwanangu wa boda naomba na mimi nisikilizwe. Sikuila makusudi hiyo korosho yenye namba ishirini. Hayo anayosema kwamba "diemu kaona ishirini inawabeba wachezaji akaamua kuitafuna" ni uongo mtupu, kwanza mimi ndio diemu, yaani msimulizi wa mchezo, ningetaka kuwadhulumu nina njia mia za kuwadhulumu ambazo hazihitaji meno.

Wageni mliokuja juzi kwa ajili ya umbea karibuni, nawapa kwa kifupi. Kila Ijumaa usiku hapa kibarazani kwangu Chuno, Mtwara, tunacheza ule mchezo wa kukaa chini na kuigiza kwa mdomo, ukoo wa Dungeons & Dragons ule ulioanza Marekani 1974, sema wa kwetu tumeuandika wenyewe kwa Kiswahili na tunaufanyia majaribio tukirekebisha kanuni moja moja. Wetu uko Kilwa Kisiwani enzi za masultani, genge la wezi linapanga kuingia Husuni Kubwa, jumba la sultani, kwa kupitia lile bwawa la pembe nane, na badala ya joka la Ulaya tuna mjusi wa Tendaguru, yule dinosaria ambaye Wajerumani walimchimba Lindi 1909 mpaka 1913 wakaenda kumsimamisha Berlin, ana zaidi ya mita 13 kwenda juu, kwetu sisi amerudi kwa miguu na anadai.

Dadu yetu ya pande ishirini, ile inayoamua nani kafaulu na nani kafeli, ilizama tukiwa kwenye pantoni ya Msangamkuu, hiyo stori mnayo, siirudii. Na msianze kuniambia kuna programu za simu za kurusha dadu, najua zipo, tulijaribu, mtu yuko mdomoni mwa mjusi simu ikaita kumbe wale wa mkopo. Tangu siku hiyo simu zote zinaingia kwenye ndoo, na dadu nikaitengeneza mwenyewe.

Nilichukua korosho ghafi ishirini zenye maganda yake, za shambani kwa bibi Newala (jamani ni ishirini tu, msije mkanisingizia kangomba, ile ya kununua korosho kimagendo), nikaziandika namba kwa makapeni. Zote bluu, isipokuwa 1 na 20 niliziandika kwa wino mwekundu maana ndio wakubwa wa mchezo. Zinatiwa kwenye soksi nyeupe ya shule, unaingiza mkono, unachomoa moja, unasoma, unarudisha, unatikisa. Mwalimu wetu, ambaye anafundisha hesabu sekondari, aliipitisha mwenyewe, akasema ilimradi unarudisha basi kila namba ina nafasi moja kwa ishirini, haina tofauti na dadu ya dukani. Labda saba tu, ile ilikuwa imepinda, mtu akiigusa anaijua.

Kanuni tuliyokuwa tunaijaribu ni hii: ukitoa 20 umefaulu, iwe unapigana, unaruka ukuta au unambembeleza askari wa getini, na ukitoa 1 umefeli hata kama ungekuwa nani. Wenyewe wa Dungeons & Dragons waliijaribu hiyohiyo kwenye karatasi zao za majaribio za Agosti 2022, kabla ya hapo, kwenye kanuni zao za 2014, 20 ilikuwa na ubabe huo kwenye kupiga tu, na vitabu vipya vya 2024 vilipotoka wakawa hawajaiweka. Mimi nikasema wamezingua. Nikasema sisi watu wa Kusini tutaipima sawasawa na daftari, kila korosho inayotoka inaandikwa.

Ijumaa tatu. Korosho zimechomolewa mara 140. Daftari ninalo.

Moja ilitoka mara tisa, watu wakaanguka visimani, wakajikata kwa majambia yao wenyewe, mmoja akamtukana Sultani wakati alikuwa anataka kumsifia. Ishirini haikutoka hata mara moja. Sio kwa wachezaji tu, hata mjusi hakuipata. Watu wakaanza kunung'unika na mimi, badala ya kujiuliza, nikageuka mtaalamu. Shem wangu, mke wa kaka, ana nahodha wake wa jahazi amemlea miezi mitano, ana jina, ana wimbo wake, ana kilemba cha urithi. Nahodha akawa chini ya unyayo wa mjusi, ishirini tu ndio ya kumwokoa, nikampa shem nafasi tatu kwa huruma. Alisoma dua kabla ya kila mkono. Ya tatu akachomoa 19. Nikamwambia, na haya maneno sasa hivi nayasikia usiku nikilala, "Shem, una mkono wa baridi, ishirini haiji kwa mkono wa baridi." Nahodha akafa. Shem akaenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa visafi.

Mimi huyo nikakaa nikaandika kurasa nne. "Kanuni ni katili kwa wachezaji." Nikapendekeza 19 nayo ihesabiwe kama ishirini ili kuweka usawa, nikaiita Rehema ya Kilwa, nikawatumia jamaa wa Dar ambao nao wana kundi lao na wanatumia kanuni zetu, nikaongezea na voisi ya dakika kumi na moja. Humo ndani kuna sehemu nasema "takwimu zetu za Mtwara". Nimesema mara nne, Mwalimu kahesabu.

Sasa Ijumaa iliyopita. Mwalimu kaja na daftari langu, nilimwazima akalipitie, nikadhani anakuja kunipongeza. Kakaa. Kaomba simu yake kutoka kwenye ndoo, kitu ambacho hajawahi kukifanya. Akaanza kuzidisha, ishirini kasoro moja chini ya ishirini, mara yenyewe, mara yenyewe, mara 140, akanigeuzia kioo. "Unaona hii? Nafasi ya kuchomoa mara 140 ukakosa ishirini zote ni chini ya moja kwa elfu."

Nikamwambia bahati haina undugu, Mwalimu.

Akaniangalia kama anavyowaangalia wale wa nyuma kabisa darasani. "Hebu mwaga hiyo soksi."

Nikamwaga kwenye mkeka, kwa madaha, mtu aliyeonewa. Shem kachutama upande wa kule na taa ya simu. Mwalimu akaanza kuzipanga tano tano kwa mstari, taratibu, anaigeuza kila moja namba iangalie juu. Moja, ile nyekundu, ikakaa. Mbili mpaka tano. Mstari wa pili ukajaa, saba imelala upande kama kawaida yake. Mstari wa tatu, kumi na moja mpaka kumi na tano. Kumi na sita. Kumi na saba. Hapo nikaona mkononi mwake zimebaki mbili, nikawa natafuta wekundu kwenye vile vidole, siuoni. Kumi na nane. Bajaji ikapita barabarani na muziki wake, sote tukaisubiri ipite kama vile ni msafara wa kiongozi. Kumi na tisa. Akaiweka. Pembeni yake pakabaki uwazi wa korosho moja, ukili wa mkeka unaonekana vizuri kabisa, wa zambarau.

Hakuna aliyesema kitu. Shem akasogeza taa pale penye uwazi, akaiacha hapo hapo.

Nikasema soksi imetoboka. Nikaigeuza ndani nje, nikaingiza mkono mpaka kwenye vidole, nzima, soksi ya dukani bado ina gundi ya lebo. Nikasema basi ni mtoto. Na hapa naomba mnisamehe, maana mtoto wa shem, miaka sita, aliamshwa. Alisimama mlangoni na bukta, jicho moja limefumba, akaulizwa kama amechukua korosho ya anko. Akasema, "Mimi sipendi korosho," akarudi kulala. Mtoto wa Mtwara hapendi korosho na nilimsahau kuwa ni huyo.

Mwanangu wa boda muda wote kanyamaza, anasogeza picha kwenye simu. Yeye huwa anapiga picha za stetasi kabla simu hazijaingia kwenye ndoo. "Diemu," anasema, "Ijumaa ya kwanza si ulituchomea korosho?"

Niliwachomea. Umeme ulikuwa umekatika, nimewasha moto uani, nimeweka bati, huku nachoma za kula na huku namalizia kuandika namba, maana mimi najifanya naweza vitu viwili. Na ile ishirini wino wake nilikuwa nimeupitisha mara mbili ung'ae, ukawa haukauki, nikaiweka pembeni ya bati ipate joto kidogo.

Akaikuza picha. Mimi hapo nimechuchumaa, moshi usoni, nimeshika koleo. Akaikuza tena. Kwenye koleo kuna korosho. Akaikuza mpaka picha ikaanza kuchanika, na pale kwenye tumbo la korosho, kabla ganda halijashika moto, mbili nyekundu na sifuri nyekundu. Nimeandika vizuri kweli, mwandiko wangu mzuri.

Picha iliyofuata natafuna. Na nimenyoosha dole gumba.

Nikakauka kama kinyago. Kilichonimaliza ni kwamba niliikumbuka ile ladha, ilikuja pale pale ulimini, ilikuwa na kadawa fulani hivi, na siku ile nilisema kwa sauti mbele ya watu wote, "Korosho za Newala siku hizi zimebadilika." Mwalimu akakumbusha hilo. Halafu akasema kwa upole, ule upole unaouma, kwamba hata wastani wa daftari langu umekaa kwenye kumi, wakati korosho zikiwa ishirini kamili ulitakiwa ucheze kwenye kumi na nusu, ila hiyo peke yake asingenishtukia nayo.

Shem alisema neno moja tu. "Mkono wa baridi."

Mengine ni ya haraka. Nahodha kafufuka, imeandikwa kwamba mjusi alikanyaga kilemba. Nimempikia shem pweza wa nazi Jumapili nzima. Nimenunua peremende ya mtoto, kaipokea bila kuniangalia. Jamaa wa Dar nimewaandikia kwamba Rehema ya Kilwa ifutwe, kumbe walishaanza kuitumia na kwao dadu ni nzima, yaani wiki mbili watu wanafaulu hovyo kama wamepewa majibu. Wamenijibu kwa kakaranga, maana korosho haipo kwenye vile vikatuni vya simu, na wamekatuma mara ishirini. Nimehesabu. Ziko ishirini kweli.

Majaribio tunaanza upya Ijumaa, kuanzia mchomo wa kwanza. Ishirini mpya kaandika Mwalimu, soksi inalala kwa shem, na kabla ya kuanza zinahesabiwa kwenye mkeka halafu mimi nafungua mdomo, mwanangu wa boda anamulika na tochi.