Kigoma na mtoto mchanga: kigari kibaki Ujerumani, njoo na mbeleko

Tunaoishi Ujerumani tukipata safari ya kikazi ya siku tatu nne Kigoma, wengi huamua mtoto abaki. Watu haohao humbeba mtoto huyohuyo hadi Hamburg au Berlin kwenye mkutano wa namna hiyohiyo, na hakuna anayewashangaa. Mimi nashikilia kinyume chake. Kwa familia yenye mtoto wa miezi 6 hadi 12, siku tatu za Kigoma ni nyepesi kuliko siku tatu za Hamburg, ila kuna mambo mawili yasiyo na msamaha: mbu na maji.

Hamburg ina vifaa, hilo sibishi. Mtoto wa chini ya miaka 6 halipiwi nauli kwenye treni za masafa marefu, baadhi ya treni za kasi zina chumba cha wenye watoto wadogo, na kwenye maduka ya dm, yale ya vipodozi na vitu vya watoto, utakuta meza ya kubadilishia mtoto na nepi za bure. Lakini mzazi mmoja akishaingia mkutanoni, mwenzake amebaki peke yake na mtoto kutwa. Chekechea ni za waliosajiliwa, si za mpita njia. Lifti ya stesheni ikiharibika, kigari, mtoto na begi vyote vinapanda ngazi mikononi mwako. Jumapili maduka yamefungwa, na aliyeishiwa maziwa ya kopo Jumamosi usiku inambidi aende kubahatisha kwenye maduka ya stesheni kuu. Jiji zima limepangwa, ila hakuna wa kumpokea mtoto hata uende msalani.

Kigoma wa kumpokea yupo. Binti wa mapokezi, mama lishe, shangazi wa Ujiji aliyesikia mmefika: wote wananyoosha mikono kabla hujaomba. Hata sheria ya kazi ya Tanzania inamtaka mwajiri ampe mama anayenyonyesha hadi saa 2 kwa siku ndani ya muda wa kazi. Wewe ni mgeni, kwa hiyo waambie wenyeji mapema kwamba unahitaji chumba chenye mlango unaofungwa. Vikao vya kwetu huchelewa kuanza na hurefushwa na chakula cha mchana. Panga zamu ya kunyonyesha kwa saa ya mtoto, usiifuate ratiba ya kikao.

Kigari hakina kazi huku. Mji una miinuko, kingo za barabara zina mitaro ya wazi, na kigari hakiingii kwenye bajaji. Mbeleko inatosha. Kinachostahili kubebwa ni kiti cha gari cha mtoto. Chagua kinachofungwa kwa mkanda wa kawaida, maana magari mengi ya kukodi hayana vile vyuma vya kunasia kiti. Kabla hujakubaliana bei na dereva, ingia siti ya nyuma uitafute mikanda: mara nyingi ipo, ila tundu lake limefukiwa chini ya kitambaa cha siti.

Maji sasa. Maziwa ya kopo beba yote, kwa sababu aina aliyoizoea mtoto huenda usiipate kwenye maduka ya mtaa wa Mwanga mjini Kigoma. Kopo la gramu 800 hutoa takriban lita 6, yaani siku 6 hivi kwa mtoto anayekunywa mililita 900 au zaidi kidogo kwa siku. Chemsha maji yatokote dakika nzima, yamimine moto kwenye chupa ya chai. Maji ya kukorogea yawe na angalau nyuzi 70, kwa kuwa unga wenyewe hauna uhakika wa kuwa safi na joto hilo ndilo linaloua vijidudu. Kisha poza chupa kwenye beseni la maji baridi na ujaribu tone mkononi. Kosa la kawaida la tunaotoka Ulaya ni kukoroga chupa nne asubuhi na kuzipanga kwenye friji ya hoteli. Umeme ukikatika kwa saa tatu, friji inageuka kabati. Koroga moja moja, na iliyokaa saa 2 imwagwe.

Mtoto aliyezaliwa Ulaya hana kinga yoyote ya malaria, na Kigoma ni miongoni mwa mikoa yenye malaria nyingi nchini. Dawa ya kinga hupimwa kwa kilo za mtoto, hivyo muone daktari kabla ya safari. Usivunje kidonge cha mtu mzima kwa makisio. Chandarua cha hoteli kikague mchana, matundu huonekana kwenye mwanga. Kitanda kidogo cha mtoto hukaa nje ya chandarua cha wakubwa, kwa hiyo kinataka cha kwake, kilichochomekwa chini ya godoro na kisichomgusa ngozi, kwani mbu huuma kupitia wavu. Dawa ya kufukuza mbu usimpake viganjani. Viganja huishia mdomoni. Jua la Kigoma huzama dakika kama 40 baada ya Dar es Salaam, na mwanga huo hudanganya: alale ndani ya chandarua kabla giza halijaingia.

Kwa wazee, adabu kwanza. Ukija na mdogo zaidi, wa miezi minne hivi, na bibi akitaka kumpa maji, usimkatalie kwa sauti yako. "Shikamoo bibi, kliniki wamesema hadi miezi sita ni ziwa tu." Neno la kliniki linapokelewa. Mwenye miezi 7 mpondee ndizi na mgebuka, samaki wa Ziwa Tanganyika, uliochambuliwa miiba kwa vidole, tone la mawese juu. Nadhani hakuna mgahawa wa Hamburg unaompa mtoto chakula kizuri kuliko hicho.

Matembezi ni ya asubuhi: Ujiji na jumba la kumbukumbu la Livingstone, au jengo la stesheni ya reli lililojengwa na Wajerumani. Hifadhi ya Gombe muiache. Walio chini ya miaka 15 hawaruhusiwi kwenda kuwaona sokwe, ambao huambukizwa mafua na binadamu, na kwenye boti makoti ya kuokolea ni ya saizi za wakubwa.

Mkirudi Ujerumani, hesabu wiki. Malaria haijitokezi kabla ya siku 7 hivi tangu mbu aume, na inaweza kuchelewa zaidi. Homa yoyote ya mtoto ndani ya miezi mitatu ipimwe damu siku hiyohiyo. Daktari wa huko atafikiria mafua kwanza. Wewe ndiye wa kumwambia, mlangoni kabisa, kwamba mtoto ametoka Tanzania.