Sikuchanjwa Kideri, Ilikuwa Ajali

Najua mshaisikia. Jamaa yangu kaisambaza tangu Jumatatu, na ya kwake inasema nimepigwa na kuku, nikalia, nikapelekwa zahanati nimebebwa. Uongo. Nilikwenda kwa bodaboda, nimekaa mwenyewe. Kulia nililia, ila jicho moja tu, na sababu mtaiona.

Kuku wenyewe si wangu. Ni wa mke wangu, aliyekwenda msibani kwao Singida akaniachia kuku 23 na sentensi moja: "Nikirudi nawahesabu." Humo yumo mtetea mwekundu ninayemwita Mwenyekiti, maana akishakalia mayai hang'oki. Alikuwa na mayai 12, siku ya 19, zimebaki mbili. Kwa siku anashuka mara moja, anakunywa maji, anadonoa punje mbili tatu, anaacha kinyesi cha ukubwa wa ngumi ya mtoto, anarudi kitini. (Mnaofuga mnaijua harufu ya kinyesi kile. Msiofuga, kaeni hivyohivyo.)

Sasa kuku wa jirani wakaanza kudondoka. Shingo imepinda, kinyesi kijani, asubuhi kafa. Kideri hicho, na kideri hakina dawa, kina chanjo tu. Kwangu nako wawili wanapiga chafya, macho yamevimba. Bibi wa nyumba ya pili akaniambia niwanyweshe mwarobaini na pilipili kichaa. Nikawanywesha. Wakanitazama tu. Bwana mifugo akasema hao wana mafua, niwatenge, na wazima niwachanje leoleo: tone moja jichoni, awe jogoo awe kifaranga, subiri apepese, mwachie. "Kazi ya watu wawili," akasisitiza. "Mmoja akamate, mwingine adondoshe."

Watu wawili tulikuwepo. Mmoja alikuwa anamulika kwa simu.

Saa mbili usiku tumeshamaliza 20, na mimi nimeshaanza kujiona daktari. Akabaki Mwenyekiti.

Hapa naomba twende taratibu. Napeleka mkono. Anatutumka kama furushi la mitumba, anatoa ule mkoromo wao, krrrrr. Ananidonoa kifundo cha mkono, anaibana ngozi, anaizungusha kama anafunga bomba. Nakaza meno, kuna shahidi. Napitisha kiganja chini ya kifua chake, joto kama chapati iliyotoka jikoni sasa hivi, namnyanyua mpaka juu ya uso wangu, usawa wa mwanga, nilione jicho vizuri. Jicho la rangi ya chungwa, linanitazama, halipepesi. Mkono wa kulia umeshainamisha chupa. Tone linavimba kwenye ncha. Linavimba. Nasema kimoyomoyo, hilo linadondoka.

Akapiga bawa.

Moja tu, pa! Chupa ikageuka, tone likatua katikati ya jicho langu la kushoto. Nikaachama kumwita mama yangu. Na hapo ndipo nilipojua jambo ambalo hakuna aliyewahi kuniambia: kuku anayelalia ukimnyanyua, huenda kabana yai kwapani. Na katika mayai yote 12, Mwenyekiti alibana lile viza.

Sikuliona likija. Jicho lililobaki lilikuwa kwa kuku. Nilisikia tu "pwaa!" kidevuni, halafu uvuguvugu unashuka kifuani, halafu harufu. Na harufu ilifika mdomo wangu ukiwa bado kwenye "maa..." Niishie hapo, wengine mnakula.

Mwanga wa tochi ukawa unatetemeka. Nikadhani jamaa kaogopa. Kumbe simu inaweza kumulika na kurekodi kwa wakati mmoja.

Mengine mnayajua. Nikanawa, bodaboda akadai nauli mara mbili kwa ajili ya harufu, nesi akaniuliza tatizo, nikasema nimejidondoshea chanjo ya kuku. Akaandika, akasoma alichoandika, akaenda chumba cha nyuma, akarudi anafuta machozi. Wakaniosha jicho kwa maji, likawasha siku mbili, basi. Kijiweni sasa naitwa Mchanjwa, na kila anayepita ananikumbusha kwamba chanjo ya kideri inarudiwa baada ya miezi mitatu.

Mwenyekiti alirudi kitini mwenyewe kabla hata sijapata kitambaa. Kesho yake nikamchanja nimevaa helmeti. Wale wagonjwa, mmoja kapona, mmoja hakupona.

Mke wangu karudi jana. Hakuuliza habari za jicho. Kahesabu kuku: 22. Nikaeleza, akaelewa. Kahesabu vifaranga: 9. Kahesabu mayai yaliyogoma kuanguliwa: mawili. Akanyamaza, akarudia kwa vidole.

"Na la 12?"

Nikasema pengine panya. Simu yake, aliyokuwa ndiyo kwanza kaiwekea bando, ikalia. Jamaa kamtumia video.